Nyanjige Alivyoshukuru Mapema

Mkono wa kushoto wa Nyanjige wa Kasoli una kidole gumba na kidole cha shahada, basi. Vingine vilikwenda zao. Mgeni akiuliza viliko, kila mtu humpa habari yake: eti fisi alivila akatapika, eti mashine ya kuchambua pamba ilivimeza vikatoka nyuzi, eti alivikata mwenyewe ili kofi lake liume zaidi. Wa kwanza kuzieneza habari hizo ni yeye Nyanjige, kwa kuwa uongo ni mtamu na hauna damu. Ukweli una damu nyingi, na ndani yake yumo Mungu, yumo shemeji, na yumo ng'ombe dume mweusi. Huo ndio unaosimuliwa hapa. Atakayeona umetiwa chumvi, ajue chumvi ya Meatu haijawahi kuadimika.

Alizaliwa upande wa Mwandoya, huko Meatu, siku ambayo wezi wa ng'ombe walilivamia boma la baba yake. Mama yake alikuwa shambani, katikati ya mtama, uchungu umemshika, na mishale inapita juu yake kama kwelea. Mtoto akatoka. Mkunga akawa anatafuta wembe, mara mshale mmoja ukapita chini chini ukakata kitovu, chap! ukaenda ukamchoma mwizi mwenyewe kwenye paja. Mkunga akasema, "Asante, kazi imepungua." Neno la kwanza Nyanjige kulisikia duniani ni hilo, asante, na lilisemwa watu wakiuana.

Alipokuwa msichana wa kupeleka mbuzi majini, fisi aliingia zizini. Nyanjige akamfuata na mchi wa kinu akampiga mgongoni, fisi akalia kama mtu aliyefiwa. Wengine husema walikuwa wawili. Walikuwa watatu, ila wa tatu alikimbia kabla hajahesabiwa.

Akaolewa Kasoli na Masalu, mwanaume mrefu kiasi kwamba akiinama kuingia nyumbani kwake, kichwa kilikuwa kimeshakaa na miguu bado iko uani. Masalu alikuwa mpole, lakini wenzake kilabuni walimwambia mke mpya lazima apigwe mara moja ili aijue nyumba. Akampiga. Nyanjige akaenda akatua ndoo, akarudi, akampiga naye. Jino likaanguka. Wakalitazama wote wawili pale chini.

"Sasa?" akauliza Masalu, mdomo umejaa damu.

"Sasa nimeijua nyumba," akasema Nyanjige. "Na wewe umenijua?"

"Nimekujua."

Tangu siku hiyo wakapendana kwa heshima. Akazaliwa binti, Salu, aliyekuja kuolewa mbali, na wao wakabaki Mama Salu na Baba Salu.

Aliyekataa kumzoea alikuwa Ngassa, kaka mkubwa wa Masalu, aliyekaa Zagayu na mifugo mingi. Ngassa ndiye aliyetoa ng'ombe wa mahari, basi akamwona Nyanjige kama ndama aliyemnunua mnadani akakuta anapiga mateke. Kila akija Kasoli alikuja na fimbo, na kila akiondoka walikuwa wamegombana.

Ukristo nao ulimkuta Nyanjige anapigana. Mbuzi wa jirani walikuwa wameingia kwenye pamba yake, naye alikuwa amemkalia jirani kifuani, anamlisha majani ya pamba ili aone utamu walioufuata mbuzi wake. Mwinjilisti Thomasi akapita na baiskeli, akasimama.

"Mama, Yesu anakupenda," akasema kwa mbali. Hakuwa mjinga wa kusogea.

"Na huyu niliyemkalia?"

"Naye anampenda."

"Basi huyo Yesu wako ana moyo wa chuma," akasema Nyanjige, akainuka, akamfuata akaone vizuri. Akabatizwa kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, Masalu nyuma yake. Mwinjilisti alimzamisha Masalu vipande vipande, maana lambo halikumtosha. Ngassa hakubatizwa. Alisema mababu zake hawakuwahi kumkosea, kwa nini awahame.

Kusoma Nyanjige hakujua, na kuomba hakukupenda. Aliona kuomba ni kwenda kwa jirani na bakuli tupu. Kushukuru ndiko alikokuweza. Alfajiri alisimama uani akashukuru kwa sauti ya kuamsha kijiji: asante kwa magoti, moja linauma lakini moja halijambo, asante kwa jogoo, asante kwa Masalu, anakoroma, kumbe mzima. Majirani walisema Mungu wa Nyanjige lazima ana pamba masikioni.

Ikaja ile miaka ya ruksa, kila mtu na biashara yake. Ghala la ushirika likafungwa kufuli, popo wakahamia, na barabara ya Kasoli ikajaa malori ya wanunuzi binafsi, kila lori na rangi yake, kila mnunuzi na mizani yake na kiapo chake. Watu walipigania foleni kwa ngumi. Msimu huo huo, pamba imefunguka shamba zima jeupe, Masalu akalala.

Ubavu wa kulia ulivimba kama ameficha kibuyu ndani ya shati. Mwili ulichemka, macho yakawa ya manjano, na yule mwanaume mrefu akakunjika kitandani kama kisu cha kukunja. Mganga wa zahanati akambonyeza, Masalu akalia kilio ambacho mkewe hakuwahi kukisikia hata siku ya jino.

"Humu kuna usaha, uko kwenye ini," mganga akasema. "Mpelekeni Bariadi akatobolewe. Ukitoka nje atapona. Ukipasukia ndani, mama, mtamzika."

Kwenda Bariadi ni kufika kwanza barabara kuu wanakopita malori, na kufika barabarani ni mwendo mrefu wa kupita mashamba na korongo. Nyanjige akaenda kufunga maksai kwenye mkokoteni. Akamkuta Ngassa zizini.

"Huu si ugonjwa wa hospitali," akasema Ngassa. "Mdogo wangu amefanyiwa. Wakimtia kisu atafia mezani. Nimeongea na mfumu, anataka kuku."

Kwa wazee wa kule, mgonjwa hutemea kuku mate, kuku akapelekwa kwa mfumu, yaani mganga wa jadi, akapasuliwa, na ndani yake mfumu akasoma ni nani anayeroga. Ngassa alimleta kuku mwekundu, akamfunga kwenye mguu wa kitanda ili alale na mgonjwa, akasema atarudi asubuhi kumchukua. Kisha akaondoka na maksai wote na mkokoteni, akavipeleka Zagayu, mwanamke asije akapata akili ya haraka.

Asubuhi akarudi. Kamba ipo, kuku hayupo.

"Kuku yuko wapi?"

"Yumo ndani ya ndugu yako," akasema Nyanjige. "Supu yake ilikuwa nzuri, amekunywa bakuli zima. Asante, shemeji."

Ngassa akampiga fimbo ya bega. Nyanjige akaishika fimbo, akaivunja gotini, akaiweka vipande vyote motoni chini ya chungu cha uji wa mgonjwa. Hapo Ngassa hakupiga tena. Alisema tu, taratibu, akimnyooshea kidole, "Anayekataa kuku asisomwe, ndiye kuku angemtaja." Akatoka akapita nyumba kwa nyumba. Mkubwa wa ukoo ni yeye, na neno lake likawa ukuta: Masalu asibebwe. Kila mwanaume Nyanjige aliyemwendea alikuwa mgongo unamuuma. Kasoli nzima, siku moja, ikaugua mgongo.

Masalu akazidi kuwa wa manjano. Nyanjige akakaa chini kando ya kitanda chake, akafikiri. Kufikiri kwake kulikuwa kwa watu wa ng'ombe.

"Baba Salu, unasikia?"

"Nasikia."

"Wewe uliponioa, ng'ombe walikwenda kwetu kabla yangu au baada yangu?"

"Kabla."

"Wazazi wangu hawakuwa wameona hata kama utanilisha. Walipokea ng'ombe, mimi nikafuata. Sasa Mungu tunamfanyia nini? Tunasubiri atoe afya kwanza ndipo tumpe shukrani. Ni nani anaoa namna hiyo?"

Masalu akavuta pumzi kidogo kidogo, maana nyingi ilimchoma. "Unataka kuchinja."

"Nataka kuchinja. Niite kanisa lote, tushukuru sasa hivi, wewe ukiwa hapa hapa na uvimbe wako. Tena," hapo akashusha sauti, "mtu aliyeshiba nyama yako hawezi kukwambia mgongo unamuuma."

Masalu akacheka, akaumia, akaacha. "Mchinje yule mweusi."

"Yule unayempenda?"

"Nampenda. Ndiyo maana."

Dume yule alikuwa mweusi tii, nundu kama kichuguu, na Ngassa na maksai wake wote hakuwa na wa kulingana naye. Jumamosi asubuhi akachinjwa. Kanisa likaja na ngoma zake na vyungu. Mwinjilisti Thomasi akazunguka sufuria na uso wa mtu aliyepotea njia.

"Mama Salu, kwa kawaida tunashukuru mtu akishapona."

"Wewe mahari ulitoa lini, mke alipozaa mtoto wa tatu?"

"Kabla ya harusi, mama."

"Basi kaa ule."

Wakaimba, wakala, wakaimba. Nyanjige akasimama akashukuru kwa sauti ile ile ya alfajiri: asante kwa ini la Masalu, bovu lakini bado moja analo, asante kwa kisu cha daktari, kiko huko kinamsubiri, asante kwa migongo ya watu hawa, leo haiumi. Wanaume wakatazamana juu ya mifupa. Mmoja akakohoa, akasema basi, tukimaliza kula tumtoe huyu mtu, tukamtegee lori.

Ingekuwa imekwisha vizuri hapo. Lakini ilikuwapo ngozi.

Ngozi ya ng'ombe haitupwi. Nyanjige alikuwa ameitandaza uani, akaipigia vigingi pande zote ikauke, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakufikiri zaidi. Akili yake ilikuwa kwa mgonjwa, na kwa shingo ya nyama iliyokuwa haijaiva. Angefikiri kidogo tu, angekumbuka kitu ambacho kila Msukuma mzima anakijua: mwenye mji akifa, wazee walimchinjia dume mweusi, wakamviringisha kwenye ngozi yake mbichi, wakamzika nayo. Na hapo palikuwa na mji, mwenye mji hajaonekana nje siku nyingi, dume mweusi amechinjwa, ngozi imewambwa uani, na mke wake anaimba.

Ngassa akatokea kwenye uchochoro wa minyaa, jua utosini. Akaiona ngozi. Akasikia ngoma. Mundu wake ukamponyoka mkononi.

Akapiga mwano.

Mwano ni ukelele wa hatari. Ukipigwa, mwenye kulima anaacha jembe, mwenye kula anaacha bakuli, kila mwanaume wa sungusungu anatoka na silaha yake na kuupokeza, na anayebaki nyumbani atajieleza kwa viboko. Mwano wa Ngassa uliruka Kasoli nzima, ukapokewa, ukapokewa tena, hata ndege wakauhama mji. "Ameua! Ameua ndugu yangu! Amempimia ngozi akiwa hai!"

Walikuja wakikimbia kupitia pamba, wakiikanyaga, wanaume na marungu, mapanga, pinde na mishale, vumbi juu na pamba nyeupe imewaganda miguuni. Mbele yao Mashimba, kamanda wao, filimbi mdomoni. Hawakuuliza. Mwano ndio uliokwisha kuuliza na kujibu.

Rungu la kwanza lilimpata Mwinjilisti Thomasi, kwa kuwa alisimama njiani na kuinua mkono wa amani. Akaanguka juu ya ngoma, ngoma ikapasuka. Kwaya ikatawanyika; wale waliozoea kuchelewa kuingia kwenye wimbo ndio waliowahi kutoka. Sufuria likapinduka, mchuzi ukamchoma kijana mmoja miguu, akaruka akikata hewa kwa panga. Mzee mmoja wa kanisa akapigwa kwa fupa alilokuwa akila.

Nyanjige akachukua mchi wa kinu. Akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango wa nyumba alimolala Masalu, akasimama hapo.

"Mwadila, wanangu," akawasalimu salamu ya mchana, kwa kuwa adabu haizuii kitu. "Anayetaka kuingia, apite hapa."

Wa kwanza akapita hapo, mchi ukamvunja mkono. Wa pili alipigwa tumboni akatapika ugali wa juzi. Wa tatu, inasemwa, alipigwa Kasoli akaamka Bariadi, lakini hilo ni la kuongeza; aliamka hapo hapo, ila hakulijua jina lake mpaka jioni. Jiwe likampata Nyanjige juu ya jicho, damu ikamfunika nusu ya uso. Fimbo ikampiga goti lile zuri. Akapiga magoti, mchi bado mkononi.

"Mchawi!" Ngassa alilia, na kulia kwake kulikuwa kweli, kamasi na machozi. "Shemeji, ulikosa nini kwa ndugu yangu? Alikukosea nini?"

"Yuko ndani! Mzima! Nenda ukatazame, wee kichwa cha nyumbu!"

Lakini nani asikie, na wote wanapiga kelele. Kijana mmoja akaja kwa ubavuni na panga. Jina lake tuliache, leo ni baba wa watu na huchota maji kisima kimoja na Nyanjige. Akailenga shingo. Nyanjige akainua mkono wa kushoto. Panga likapita kwenye vidole kama linapita kwenye muwa, likakwama mfupa wa bega. Vidole vikaanguka mavumbini. Jogoo mmoja asiye na dini akakimbilia kimoja.

Kijana akalichomoa panga, akaliinua tena.

Mlango nyuma ya Nyanjige ukafunguka kwa chini.

Masalu alitoka akitambaa. Shuka limemdondoka, mbavu zinahesabika upande mmoja, na upande wa pili uvimbe umewamba kama ngoma mpya. Sauti hakuwa nayo. Akapita chini ya lile panga lililoinuliwa kana kwamba ni tawi la mti, akampita mke wake, akatambaa uani, polepole, huku akiacha alama ya mwili wake vumbini. Kelele zikafa moja moja. Watu walikuwa wamekuja kumlipizia marehemu, na marehemu anawapita miguuni.

Akafika kwenye ngozi. Akapanda juu yake. Akajilaza chali, akajinyoosha kwa uchungu mwingi, kisha akatazama chini ilipokomea ngozi. Miguu yake, kuanzia chini ya goti, ilikuwa nje.

"Fupi," akasema.

Watu wakaitazama miguu.

"Kaka," akaita. Ngassa akasogea kama mtu anayesogezwa. "Angekuwa ananipimia, mwanamke huyu anayejua urefu wangu, angechinja wawili. Dume nimesema mimi achinjwe. Ni wa kushukuru."

"Kushukuru nini, Masalu? Unakufa!"

"Nakufa ndiyo. Kwa sababu umeficha mkokoteni."

Pale pale sungusungu wakageuka. Mwano wa uongo ni kosa kubwa. Umewatoa watu mashambani, umewatia damu ya bure mikononi, na aibu ya mtu mwenye silaha hutafuta haraka pa kwenda. Mashimba akawa wa kwanza. Akampiga Ngassa filimbi ya mdomo, meno yakakatika, na marungu yale yale yaliyokuja kwa Nyanjige yakamwangukia shemeji yake. Alianguka kando ya ngozi. Walimpiga miguu, walimpiga mgongo, vumbi likapanda likawafunika.

"Mabega!" Nyanjige akapiga ukelele kutoka mlangoni. "Msimpige mabega! Yaacheni!"

Wakasita.

"Kichwani mpigeni mkitaka, humo hamna kitu. Mabega nayahitaji. Nani atambeba ndugu yake? Nyinyi si mnaumwa migongo?"

Mashimba akashusha rungu. Akautazama mkono wa yule mwanamke, damu inavyochirizika kwenye kiwiko, akatazama chini. "Mayu," akamwita, yaani mama, kwa sauti ya mtoto aliyevunja chungu, "tutambeba sote."

Wanawake wa kanisa walirudi kutoka walikojificha, wakaujaza mkono wake pamba mbichi na mbegu zake, wakaufunga kwa khanga mpaka ukawa kama kichwa cha mtoto. Kitanda cha kamba kikatolewa, Masalu akalazwa. Ngassa akashika mguu wa mbele wa kitanda, Mashimba wa pili, na nyuma wakashika Mwinjilisti Thomasi, kichwa kimevimba kama boga, na yule kijana wa panga, ambaye alikuwa akilia na hakuna aliyembembeleza. Nyanjige akatembea kando na mchi wake kama fimbo. Ngozi ilibaki uani, mbwa wakaila.

Korongoni Ngassa aliteleza, akaangukia goti, lakini kitanda hakikugusa chini. Alikibeba kwa kichwa mpaka akainuka. Nyanjige aliliona hilo.

Barabarani likaja lori limejaa pamba mpaka juu. Dereva, Anatoli, akafunga breki kwa kuwa kundi la watu wenye mapanga na damu lilikuwa limesimama katikati ya njia.

"Mimi nabeba pamba," akasema, kioo ameshusha nusu. "Maiti sibebi."

"Maiti anakusikia," akasema Masalu kutoka kitandani.

Anatoli akamtazama, akamtazama Nyanjige, akautazama mchi. "Pandeni. Ila msinichafulie mzigo wa watu."

Waliuchafua. Nyanjige alilala juu ya pamba, mkono umenyanyuliwa, na damu ikapita kwenye khanga ikashuka, tabaka kwa tabaka, mpaka sakafu ya lori. Inasemwa pamba ile ilichambuliwa, ikasokotwa, ikavuka bahari, na huko Ulaya mtu mmoja alivaa shati jeupe likawa jekundu kila Jumamosi. Wasioamini waende wakaulize huko Ulaya. Yeye Nyanjige njia nzima alikuwa akishukuru: asante kwa lori, asante kwa dereva mwoga, asante panga limekuja kushoto, kulia ndiko kwa kulimia. Ngassa, amekaa pembeni ameshika bomba la lori, mdomo umevimba, alimsikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ya ng'ambo.

Bariadi wakampokea Masalu kwa kukimbia. Daktari alimbonyeza mara moja tu, akasema neno kwa wenzake, machela ikapelekwa ndani, mlango ukafungwa. Nyanjige akashonwa mkono na bega akiwa amekaa kwenye benchi, kwa kuwa alikataa kuondoka mbele ya mlango ule. Muuguzi aliposema itauma, alimjibu, "Sista, shona. Leo nimeumwa na watu, sindano si kitu."

Muuguzi alipomaliza akaingia kule ndani kusaidia. Benchi likabaki na watu watatu: Nyanjige, Mwinjilisti na kichwa chake, na Ngassa, ambaye hakuthubutu kukaa, alichuchumaa sakafuni.

"Shemeji," akasema mwishowe. "Nisamehe."

Nyanjige akamzaba kofi la mkono wa kulia lililosikika mpaka wodi ya wazazi.

"Mama Salu!" Mwinjilisti akashtuka. "Umesamehe au hujasamehe?"

"Nimesamehe tangu korongoni. Kofi ni stakabadhi."

Ngassa akashika shavu. Hakukasirika. Ilionekana hata limemtuliza, maana mtu anayepigwa na mwenye haki yake hulala vizuri kuliko anayesubiri. Akautazama mlango uliofungwa.

"Wamemtia kisu," akasema. "Atafia humo. Mimi nimembeba mwenyewe kwa bega langu kumleta."

Hapo Nyanjige, aliyepigwa mawe na marungu bila kulia, midomo ikamtetemeka. Akaishika kwa vidole vizima. Masalu alikuwa mule ndani amelala na tumbo wazi, na mchi hauwezi kuingia mule. Hakuna wa kumpiga.

"Tushukuru," akasema.

"Sasa? Hatujajua!"

"Ndiyo wakati wake. Tukishajua, hata mbuzi atashukuru. Na leo siwezi mimi, koo limeziba. Shukuru wewe."

"Mimi?" Ngassa akamtazama Mwinjilisti, Mwinjilisti akatazama dari. "Mimi huyo Mungu wenu hatujuani."

"Jitambulishe basi. Umezaliwa porini?"

Ngassa akavua kofia. Akafikiri kama anavyofikiri mtu aliyetumwa kwenda kuomba mke ukoo mgumu. Kisha akapiga makofi taratibu, viganja vikiwa vimeinama, kama anavyosalimiwa mtemi.

"Mungu wa shemeji," akaanza. "Mimi ni Ngassa wa Zagayu. Nimempiga mtu wako leo, nadhani umeona. Asante hakufa. Asante shingo yake ni ngumu, na kichwa chake ndiyo usiseme. Asante kwa kuku, ndugu yangu alikunywa supu, alipata nguvu ya kutambaa. Angekuwa kwa mfumu yule kuku, asingetambaa. Asante kwa Masalu. Alizaliwa nimeshakua, mimi ndiye niliyembeba mgongoni mama akilima. Alikuwa na miguu mirefu, ilikuwa inaburuza chini. Sijawahi kumshukuru mtu yeyote kwa ajili yake. Asante. Na kama umeshaamua kumchukua..."

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi akatoka na beseni limefunikwa, harufu ikatangulia, beseni zito la mikono miwili. Aliwatazama mmoja mmoja, uso umechoka, na kwenye uchovu ule mna kitu kama kicheko.

"Nani mke wa huyu mrefu? Ametoka usaha wa kujaza hili. Dawa haijamtoka vizuri kichwani, lakini anauliza kama shingo ya nyama imebaki."

Nyanjige akainuka akaanguka akainuka. Mwinjilisti akaanza wimbo, akasahau maneno. Ngassa peke yake hakusogea. Alikuwa bado amechuchumaa, macho ameyafumba, viganja pamoja.

"Subiri kidogo, Sista," akasema. "Bado naongea na mtu."